Si Kila Jino la Njano ni Maji ya Kisima

*Binti yangu ana miaka saba, meno yake ni ya njano na yanalika kama chaki. Jirani anasema ni maji ya kisima. (Newala)*

Jirani yako amesikia habari za Arusha. Floridi, madini ya majini yanayochafua meno yakizidi, ni balaa la kule Maji ya Chai, na huwashika watoto wengi wanaochota kisima kimoja. Mtoto akiwa peke yake mwenye meno hayo kijijini na baba yake naye meno ni hayohayo, acha kisima, angalia ukoo.

*Nimesoma kuna ugonjwa wa kurithi wa meno, nywele na mifupa. Mwanangu meno mabovu, nywele kipilipili. Ndio huo? (Lindi mjini)*

Nywele kipilipili! Ndugu yangu, hapo umetaja Lindi nzima na Mtwara yake. Ugonjwa huo, sindromu ya triko-dento-osea, ulijulikana zaidi kwa koo za Kizungu za Marekani, ambako mtoto kuzaliwa na nywele zilizojisokota ni jambo la kushangaza. Hata huko, kwa wengine nywele hunyooka wakikua. Huku kwetu dalili hiyo haina kazi, na daktari anayeitegemea atapotea.

Tunachotafuta ni picha ya eksirei ya taya zima. Magego huonekana yana chumba kikubwa cha ndani kilichoshuka chini na mizizi mifupi, kama jino la fahali. Gamba la nje ni jembamba. Mfupa wa fuvu ni mzito kuliko kawaida. Magego yakiwa hivyo lakini mifupa ni ya kawaida, huenda ni ugonjwa mwingine wa gamba la meno unaofanana nao sana. Kinachothibitisha ni kusoma jeni (chembe ya urithi) la DLX3, ambalo hitilafu yake iligunduliwa 1998. Kwa hiyo usiende kliniki na mtoto peke yake. Nenda na mzazi mwenye meno kama yake, na picha za babu akiwa kijana kama zipo.

*Je, nipeleke mate kwa Mkemia Mkuu? (Masasi)*

Hapana. Kule mate hupimwa hasa kujua mtoto ni wa nani.

*Jino halijatoboka lakini ufizi umevimba usaha. Inawezekana? (Nachingwea)*

Inawezekana sana kwa mwenye ugonjwa huu. Gamba jembamba likisagika, vijidudu hupenya hadi kwenye chumba kile kikubwa bila kuacha tundu la kuonekana. Usinunue antibayotiki dukani ukangoja msimu wa korosho. Na usikubali jino ling'olewe kabla ya eksirei, maana mfupa mzito huo humtoa jasho hata fundi mzoefu.

*Mke wangu analaumiwa na mawifi kwamba kaleta ugonjwa. (Tandahimba)*

Waambie mawifi wacheke mbele ya kioo kwanza. Hitilafu hii hutoka kwa baba au mama sawasawa, na mzazi mwenye nayo kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mara chache huanza na mtoto mwenyewe, wazazi wakiwa hawana. Mganga hahusiki hapo.

*Mtoto ana homa, bibi anasema ni meno ya plastiki yang'olewe. (Mikindani)*

Swali hili nalijibu kila mwezi! Hayo si plastiki, ni vichipukizi vya chonge. Ukivichokoa unaharibu hata chonge za ukubwani, na homa inabaki palepale. Mpeleke apimwe malaria leo hii.

*Dawa ya kung'arisha itasaidia? (Newala tena)*

Itakwangua hata hilo gamba kidogo lililobaki.