Biti nyingi si usahihi

SWALI: Nina oseleta ya kwatsi ya 10 MHz (kifaa kinachotoa mipigo ya umeme milioni 10 kwa sekunde), ile inayokaa ndani ya kitanuri chake kidogo kinachoshikilia joto lisibadilike. Kaunta ya karakana yetu, ile ya kuhesabu masafa, inaonyesha imezidi kwa 0.3 Hz. Nimechoka kuzungusha potenshomita, kile kitufe cha kuisogeza, nataka nirekebishe kwa sintesaiza ya kidijitali, yaani saketi inayotengeneza masafa unayoyaandika kwa namba, inayoendeshwa na oseleta hiyohiyo. Ninayo ya biti 32, saa yake (mipigo inayoiendesha) 125 MHz. Muuzaji ananishauri ninunue ya biti 48 yenye saa ya 1 GHz, eti ndiyo yenye usahihi. Ninunue?

JIBU: Usinunue bado. Niambie kwanza hiyo 0.3 Hz umeipima kwa kutegemea nini.

Kaunta ya kawaida huhesabu kwa kristali yake ya ndani, na kristali nyingi za namna hiyo huweza kukosea kwa sehemu moja ya milioni. Kwenye 10 MHz hiyo ni 10 Hz, juu au chini. Hapo 0.3 Hz haina maana yoyote. Huenda oseleta yako iko sawa kabisa na kaunta ndiyo iliyopotoka.

Kila wiki napata swali la aina hii, na kila mara mtu ameuziwa biti akidhani amenunua usahihi. Biti zinapunguza ukubwa wa hatua, yaani badiliko dogo kabisa la masafa unaloweza kuweka, basi. Sintesaiza yako ina hatua ya 125 MHz gawanya kwa 2 kipeo cha 32, yaani takriban 0.029 Hz. Ile ya biti 48 ina hatua ya takriban 0.0000036 Hz. Lakini zote mbili zinazidisha masafa ya saa inayoziendesha kwa namba uliyoandika, kwa hiyo kosa la saa hiyo linatoka upande wa pili kwa uwiano uleule. Utepe wa kupimia uliovutika hausahihishwi kwa kuuchorea mistari ya nusu milimita.

Tena kwatsi inazeeka. Oseleta nzuri ya kitanuri inaweza kuhama sehemu 1 ya bilioni 10 kwa siku. Kwa sintesaiza ya biti 48 hizo ni hatua zaidi ya 280 kati ya leo na kesho. Namba uliyoiweka kwa uangalifu Jumatatu, Jumanne haifai tena.

Kwa hiyo tafuta rejea kwanza, yaani kitu cha kuaminika cha kulinganishia. Kipokezi cha GPS kinachotoa mpigo mmoja kila sekunde kinatosha, ila usikilinganishe na oseleta kwa sekunde moja ukaridhika. Mpigo wake ukitikisika nanosekunde 50, mtikisiko huo peke yake unapita kosa unalolitafuta. Acha vilinganishwe mchana na usiku, saa 24 kamili, na mtikisiko uleule utashuka chini ya sehemu 1 ya trilioni. Hapo ndipo uandike namba, na programu iendelee kuirekebisha kadiri oseleta inavyohama.

Biti 32 zitakufaa. Ukichagua hatua iliyo karibu zaidi, kosa linalobaki, ukihesabia muda kwa masafa hayo, halizidi mikrosekunde 126 kwa siku. Ukitaka kulipunguza, programu ibadilishane namba mbili zinazofuatana, kila moja kwa muda unaostahili, na wastani utaangukia katikati. Usichukue biti ya juu ya kikusanya fezi (kihesabio cha ndani ya sintesaiza) ukaifanya saa: kingo zake zitarukaruka hadi nanosekunde 8. Pitisha wimbi kwenye kigeuzi cha kwenda analogi, kichujio, kisha komparata, saketi inayoligeuza wimbi kuwa mipigo. Potenshomita iache ilipo.

Wanaoniudhi ni hawa wanaochomoa oseleta kwenye mitambo ya simu iliyozeeka, wanazisafisha, wanabandika karatasi ya "imerekebishwa" na kuongeza bei. Waulize: ililinganishwa na rejea gani, lini, kwa muda gani, na ilikuwa imewashwa siku ngapi kabla ya kupimwa? Kitanuri kilichozimwa miezi kadhaa huhitaji siku nyingi, pengine wiki, kabla kwatsi haijatulia. Kipimo kilichochukuliwa nusu saa baada ya kuwasha hakikuambii lolote kuhusu mwezi ujao, hata kikiandikwa kwa tarakimu kumi na mbili.