Kabla hujarudisha funguo za nyumba ya kaunsili

Kina mama wenzangu hapa London huniuliza nilipataje moyo wa kuacha nyumba ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, nikapanga kwa mtu binafsi, huku bado napokea Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Flati yetu ilikuwa ya chumba kimoja, kuta zimeota ukungu, nami nina kijana aliyeshavuka miaka 10 na dada yake mdogo. Kwenye foleni ya kuhamishwa tulikuwa mbali mno. Leo kila mtoto ana chumba chake na wanalala vizuri. Lakini anayeniuliza humwambia kwanza kwamba nyumba ya kaunsili ukishaiachia, kuipata tena ni kazi ya miaka. Hesabu zote zifanye ukiwa bado mpangaji wao.

Na hesabu yenyewe ni hii. Ukiwa kwa kaunsili, kwa kawaida Universal Credit hulipa pango zima. Kama una chumba cha ziada hukatwa asilimia 14 ya pango, na asilimia 25 vikiwa viwili au zaidi. Kwa mwenye nyumba binafsi mambo hubadilika. Pango hulipwa mpaka kiwango kiitwacho Local Housing Allowance, kinachopangwa kwa eneo na kwa vyumba vya kulala ambavyo familia yako inastahili kisheria, hata kama nyumba uliyoipenda ina vyumba zaidi. Watoto wawili wa jinsia moja huhesabiwa chumba kimoja mpaka mkubwa afike miaka 16. Wa kiume na wa kike, mpaka mkubwa afike 10. Asiye na mwenzi wala mtoto, akiwa chini ya miaka 35, mara nyingi hupewa kiwango cha chumba katika nyumba ya kuchangia na wengine. Viwango hivi vilipandishwa Aprili 2024, na Aprili 2025 havikuongezwa hata senti, wakati mapango ya mjini hayakusubiri mtu.

Ingiza postikodi ya eneo unalolitaka kwenye tovuti ya serikali, uone kiwango chake. Tuseme ni pauni 1,300 kwa mwezi, na nyumba inapangishwa kwa 1,450. Pauni 150 zitatoka mfukoni mwako kila mwezi, 1,800 kwa mwaka. Jiulize zitatoka wapi mwezi ambao zamu zimepungua kazini, au mama anaumwa Tanga na hospitali inadai hela leo. Mimi nilianza kuweka kando tofauti hiyo kila mwezi nikiwa bado kwenye flati ya zamani, kama vile nimeshahama. Niliona tunamudu, na fedha hizo ndizo zilizonunua vitanda.

Wengi hawajui pia kuhusu kikomo cha jumla cha benefiti, yaani malipo yote ya msaada wa serikali. Tangu Aprili 2023, familia yenye watoto haipewi zaidi ya takriban pauni 2,110 kwa mwezi ndani ya London, na 1,835 nje yake. Pango la kaunsili likiwa dogo unaweza usikiguse kikomo hicho kabisa. Ukihamia kwenye pango kubwa unakigonga, na kinachozidi hukatwa hata kama pango lako liko ndani ya Local Housing Allowance. Kikomo hakiwahusu wenye kipato cha kazi kinachofikia kiwango fulani, ambacho mwaka 2025 kilikuwa pauni 846 kwa mwezi, wala nyumba yenye mtu anayelipwa PIP, malipo ya wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Dada yangu, kama una watoto watatu au zaidi na huna kazi wala msamaha huo, sikushauri uhame. Tafuta kwanza mpangaji mwingine wa kaunsili wa kubadilishana naye nyumba. Mwenye mkataba wa kudumu ana haki ya kuomba hilo, na kaunsili ina siku 42 za kujibu.

Usalama wa kukaa nao hupungua. Ni kweli kwamba England imeondoa, kuanzia tarehe 1 Mei 2026, ule utaratibu wa kumtoa mpangaji bila sababu. Lakini mwenye nyumba akitaka kuuza, au kuhamia mwenyewe, anaweza kukupa notisi ya miezi minne, isiyoisha ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kwenda mahakamani. Na ukiipoteza nyumba mpya mapema, kaunsili inaweza kusema umejitakia mwenyewe kukosa makazi kwa kuacha ya kwao. Kabla ya kutoa notisi yako ya wiki nne, zungumza na mashirika ya ushauri, Shelter au Citizens Advice. Ushauri wao ni bure.

Tarehe ya kuhama ichague kwa makini. Universal Credit huangalia unaishi wapi kipindi chako cha mwezi kinapoisha, kisha hulipa pango la nyumba hiyo kwa kipindi kizima. Ukihama katikati, wiki za mwanzo kwa kaunsili hazilipiwi kivyake, kwa hiyo malipo hayo yakiingia usiyamalize, ubakize ya kulipia wiki hizo.

Sasa madalali. Wakiona benefiti wengine hukata simu. Mahakama ya York iliamua mwaka 2020 kwamba kumkataa mtu kwa sababu hiyo tu ni ubaguzi kinyume cha sheria, na sheria mpya inalikataza waziwazi. Jibu kwa maandishi kila mara, uwe na ushahidi. Watakuomba pia mdhamini. Mimi nilisimamiwa na binamu mwenye ajira ya kudumu. Dipoziti hairuhusiwi kuzidi pango la wiki tano, kwa nyumba ambazo pango lake kwa mwaka halifiki pauni 50,000, na lazima ilindwe kwenye mpango unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Yangu ilitoka kwenye upatu wetu wa kina mama, lakini waulize kaunsili kwanza, kwani wana fungu la kuwasaidia wenye shida ya pango na dipoziti. Na siku ya kukabidhiwa, piga picha kila ukuta, kila doa, na namba za mita, uzitume kwa baruapepe kabla hujafungua boksi hata moja.