Amuage, lakini kwanza mlezi aje nyumbani

Wiki hii mmeuliza kama mzazi anayempeleka mtoto deikea kwa mara ya kwanza amuage, au aondoke kimyakimya mtoto akiwa mchezoni. Nililisoma swali hilo dukani, hapa Barabara ya Nane Ngamiani, nikashindwa kuendelea na kazi. Jibu langu ni amuage. Mtoto anayegeuka akakuta mama hayupo, kesho yake hakubali hata kuteremka kwenye bajaji, na usiku anashtuka kukupapasa kama upo.

Lakini mbona hatukuwa tukiulizana haya enzi za kuwaacha watoto kwa bibi zao? Mama alidamka alfajiri akaenda zake sokoni, mtoto akaamka, akanywa uji, akashinda salama, kwa kuwa aliyebaki naye alikuwa mtu wake. Leo bibi yuko Lushoto au Pangani, sisi tuko mjini, likizo ya uzazi ni siku 84, na mtoto tunamkabidhi mtu ambaye hata sisi tumeonana naye siku ya kulipa ada tu. Hapo mtoto akilia ana haki.

Wangu alikuwa na mwaka na nusu, umri ambao wengi hawataki mama atoke machoni. Kabla hajaanza, nilimwomba dada mlezi wa kituo aje kwetu Jumapili. Alikuja baada ya adhuhuri, akavua kandambili mlangoni. Mtoto akakimbilia mgongoni kwangu. Mama mkwe, kwa adabu zetu, akawa anamhimiza, "Mwamkie shangazi, haya, sema shikamoo!" Dada akasema, "Mwache, mama, asihimizwe." Akaketi mkekani, akaomba kisu. Tulikuwa na machungwa ya Muheza kwenye ungo. Akachukua moja, akalimenya taratibu kwa ukanda mmoja usiokatika, huku akizungumza nasi bei ya mchele, mtoto hamtazami kabisa. Ganda likawa linashuka linajizungusha mpaka likagusa mkeka. Mtoto akachungulia. Dada akaliweka ganda kando ya goti lake, akaanza chungwa jingine. Hilo nalo halijaisha, mtoto ameshatoka mgongoni kwangu, amechuchumaa mbele yake, analivuta ganda na chungwa bado liko mkononi mwa mwenyewe. Ndipo akampa kipande, bila neno. Alipoaga, mtoto alimfuata hadi barazani, maganda shingoni.

Jumatatu alilia, sisemi uongo. Ila alilia akiwa kifuani kwa yule dada. Nilimwambia mama anakwenda kazini, ukishakunywa uji nitakuja, nikatoka. Siku za mwanzo nilimfuata mapema kweli, uji wa saa nne ukishanyweka, kisha tukawa tunasogeza muda kidogo kidogo.

Sasa nikiandika haya naona jibu langu la pale juu limelegea. Maana baadaye zilikuwepo asubuhi alizoteremka akamkimbilia dada bila hata kunitazama. Dada alinipungia mkono niende, nami nikaenda bila kuaga, na hakuna kilichoharibika. Kumwita arudi aagwe kungekuwa kumliza kwa ajili ya moyo wangu mimi. Kwa hiyo kuondoka kimya hakuna ubaya, mradi anayebaki naye ameshakuwa mtu wake. Kwa mlezi mgeni bado nashikilia pale pale: aagwe, kwa maneno machache, na mama asirudirudi mlangoni.

Najua si kila mlezi atapata nafasi ya kuzungukia nyumba za watu, hasa penye watoto wengi na walezi wachache. Basi mzazi aende yeye, ashinde na mtoto pale kituoni asubuhi moja mbili kabla hajamwacha. Usajili wa ustawi wa jamii muuulizie, Sheria ya Mtoto ya 2009 inautaka. Lakini kituo kinachomkataza mzazi kukaa na mwanawe siku ya kwanza, mimi simpeleki wangu, hata cheti kiwe kimebandikwa ukutani.

Mama wa watoto wawili, Ngamiani, Tanga