Usichore Kabla Hujabandua Lipu: Kwa Wanaotaka Kufungua Ofisi ya Usanifu Majengo

Wiki hii nimepokea ujumbe wa binti aliyehitimu usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi. "Shikamoo kaka. Nataka kufungua ofisi yangu hapa Arusha, nijikite kwenye maofisi ya mjini na ukarabati wa majengo ya zamani. Nyumbani wananiambia nitakufa njaa, bora nichore nyumba za watu. Wewe uliwezaje?" Nilimjibu kwa kifupi kwenye simu. Jibu refu naliweka hapa, maana najua mko wengi wenye ndoto hiyohiyo.

Hutakufa njaa, mdogo wangu. Mwezi uliopita ofisi yetu imekabidhi jengo la ghorofa moja pale Moshi, karibu na Barabara ya Mawenzi, ambalo mwenyewe alikuwa ameshashauriwa alibomoe. Leo chini kuna maduka, juu kuna mawakili na wahasibu, na ngazi ya mbao ni ileile aliyopanda babu wa wenye jengo. Siku ya makabidhiano mzee mwenye jengo alizunguka vyumba vyote bila kusema neno, kisha akanishika mkono. Nimechora majengo mapya makubwa kuliko hilo, lakini hakuna lililonipa fahari ya namna ile, na nasema wazi.

Kabla ya kufika hapo niliumizwa. Tulipokuwa tunaanza nilipata mteja mwenye jengo la zamani katikati ya Arusha, akataka ofisi za kisasa ndani yake. Nilipima kila chumba, nikapanda darini na tochi, nikafunua mbao za sakafu. Nikaandika ripoti: ukuta upi unabeba na upi ni wa kugawa tu, kenchi zipi za paa zimeliwa na mchwa, maji ya mvua yanaingilia wapi. Tulikubaliana kwamba malipo yote yatakuja na michoro ya mwisho. Alipoishika ile ripoti akampelekea mtu mwingine achore. Wakabomoa kila kitu ndani, wakabakiza ukuta wa mbele, nao wakauvalisha alukobondi, yale mabamba ya alumini ya kung'aa. Sikulipwa hata nauli. Aliyenitendea hivyo tunakutana kwenye misiba na harusi, tunasalimiana, basi. Bado inaniuma, na kinachoniuma zaidi si hela, ni lile jengo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiniuliza hata wa pili nitarudia huuhuu: kwenye jengo la zamani uchunguzi ndio kazi yenyewe. Uuze peke yake, kwa mkataba wake, kabla hujachora hata mstari mmoja.

Tuchukue lile la Moshi. Mji ule ulichangamka baada ya reli ya kutoka Tanga kufika, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na majengo yake mengi ya katikati yalijengwa kwa mpango mmoja: duka chini, familia juu. Tulipoingia, kuta za chini zilikuwa zimevimba, rangi inabanduka, harufu ya fangasi kila chumba. Kila fundi aliyepita alikuwa amefanya jambo moja: kubandua kidogo, kupiga lipu ya saruji, kupaka rangi ya mafuta. Baada ya masika mbili tatu tatizo linarudi limepanda juu zaidi.

Tukabandua lipu kipande cha upana wa meta moja, kuanzia sakafuni hadi darini. Ndani kulikuwa na mawe yaliyojengwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani taratibu kupitia chokaa yake. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu kutafuta njia, na chumvi yanayobeba ndiyo inayovimbisha rangi. Nje nako, barabara na vibaraza vilikuwa vimeinuliwa mara kwa mara kwa miaka mingi hadi udongo ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Hakuna rangi duniani inayotibu hilo. Tulishusha udongo, tukachimba mfereji kando ya ukuta, tukaondoa saruji yote, tukauacha ukuta ukauke, ndipo tukapiga lipu ya chokaa kwa matabaka membamba. Chokaa haina haraka kama saruji. Huwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole. Mtoto wa mzee alilalamika sana kuhusu ule muda wa kusubiri. Nilikataa kuupunguza.

Halafu kuna uzito. Hapa ndipo wengi wanaopenda maofisi ya mjini wanapodanganyika, kwa sababu mpango wa meza na vioo unapendeza kwenye kompyuta. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo wengi wetu tulifundishwa navyo, sakafu ya makazi hukadiriwa kubeba kama kilo 150 kwa meta ya mraba, ya ofisi kama 250, na ya chumba cha mafaili kama 500. Sasa fikiria ghorofa iliyojengwa kwa ajili ya vitanda na makochi, unapandisha makabati ya mawakili! Tulimwita mhandisi akapima boriti moja moja, tukaongeza mpya pale alipoagiza, na chumba cha mafaili tukakishusha chini kinakokaa juu ya ardhi. Nyaya za umeme na intaneti tulizipitisha chini ya mbao za sakafu, kuta za mawe hatukuzichimba.

Mambo ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi mnayajua: usitundike kibao kabla hujasajiliwa. Kibali cha ujenzi nacho ni lazima hata kwa ukarabati wa namna hii.

Ila hili la sheria nataka mlisikie vizuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Boma la Wajerumani hapa Arusha ni la mwaka 1900. Jengo la umri huo au jipya zaidi linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe, na maduka ya zamani ya watu binafsi mengi hayajatangazwa. Maana yake, mara nyingi anayesimama kati ya jengo na greda ni wewe mwenye kalamu. Ukimwambia mteja "bomoa" kwa sababu kuchora jipya ni rahisi kwako, umemnyang'anya kitu ambacho hela yake haitakirudisha. Mkiambiwa jengo haliwezi kupewa kazi mpya, waonyesheni AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa hapa Arusha. Lilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, jengo likabaki, likawa kituo cha mikutano, na hadi 2015 kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilisikilizwa humo. Wasanifu wenzangu, tuache uvivu!

Binti aliuliza pia bei. Uchunguzi usiutoze kwa asilimia ya gharama za ujenzi, kwa sababu gharama hizo bado hakuna anayezijua. Hesabu siku za watu wako, vifaa, usafiri, fundi wa kubandua na kurudishia lipu, na ada ya mhandisi. Nusu ilipwe kabla hujapandisha ngazi ukutani, nusu nyingine siku ya kukabidhi ripoti, mkono kwa mkono. Na kwenye mkataba andika kwamba asiyemaliza kulipa haruhusiwi kuitumia ripoti hiyo kwa michoro ya mtu yeyote.