Maswali na Majibu: Maghala Matatu, Daftari Moja

Tuna maduka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na kila duka hupokea oda kwa simu yake. Mara kwa mara tunauza kitu kimoja kwa wateja wawili. Tununue programu gani? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili hunifikia karibu kila mwezi, na kila mara muulizaji huanza na programu kabla ya kueleza mali yake inaandikwa wapi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi mna madaftari matatu yasiyosemezana, jambo ambalo halina nafuu kubwa. Anzeni na daftari moja la maghala yote, liwe la karatasi au la kompyuta, na kwa kila ghala bidhaa iwe na hesabu nne: iliyopo, iliyotengwa kwa oda zilizokwisha kukubaliwa, iliyobaki ya kuuzwa, na iliyo njiani. Mnauza mara mbili kwa sababu muuzaji wenu hutazama iliyopo, ilhali anachoruhusiwa kuahidi ni iliyobaki tu. Mali itengwe pale oda inapokubaliwa, si pale mfungashaji anapoifikia, na utengaji huo uwe na kikomo: mteja asipolipa ndani ya muda mliokubaliana, mali irudi kwenye hesabu ya kuuzwa.

Hesabu ya njiani ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Shehena inapotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, lori lenyewe lihesabiwe kuwa ghala. Mali imekwisha kutoka kwenye hesabu ya Dar es Salaam, lakini haijaingia kwenye ya Mwanza mpaka mpokeaji aihesabu kwa mkono wake na kutia sahihi. Mkishayazoea haya, programu yoyote ya kawaida itawafaa.

Oda zetu zimefika 200 kwa siku na wafungashaji wamezidiwa. Tuongeze watu? (Msomaji, Nairobi)

Pigeni hesabu kwanza. Ikiwa oda moja huchukua dakika 6 kukusanywa, oda 200 ni saa 20 za kazi, na sehemu kubwa ya saa hizo watu wenu wanatembea tu kati ya rafu. Kusanyeni kwa makundi: chukueni oda 20 kwa pamoja, mkusanyaji apite rafuni mara moja akichukua jumla ya kila bidhaa, kisha mali igawanywe mezani katika masanduku 20 yenye namba. Anayegawanya asiwe yule aliyekusanya, maana ni vigumu mtu kuliona kosa lake mwenyewe. Oda zenye bidhaa moja tu zipite njia yake, kwa kuwa hazina haja ya meza ya kugawanya.

Naongeza jambo ambalo hamkuuliza. Nimepata kusimama katika stoo ya viatu vya watoto Kariakoo ambako namba 28 na namba 29 zilipangwa bega kwa bega, katika maboksi ya rangi moja, namba zenyewe zikiwa zimechapwa kwa herufi ndogo upande uliogeukia ukutani. Kijana aliyekuwa akikusanya hakuwa mzembe: kila boksi alilivuta nusu, akainama kusoma, akalirudisha. Hata hivyo, jioni ile viatu vya namba siyo vilikwenda kwa wateja. Kosa lilikuwa la aliyepanga rafu, na inaniuma kuona vijana wakikatwa mishahara kwa makosa ya namna hiyo. Bidhaa zinazofanana zitenganishwe, na kila nafasi iwe na anwani yake iliyoandikwa kwa herufi zinazosomeka mtu akiwa amesimama.

Oda moja inaweza kutoka maghala mawili? (Msomaji, Arusha)

Isiwe hivyo, isipokuwa mteja ameambiwa na amekubali, kwa sababu nauli mbili za mzigo hula faida yote.

Mteja wa Sengerema ahudumiwe kutoka ghala gani, na tumwahidi siku gani? (Msomaji, Mwanza)

Chagueni ghala la karibu lenye oda nzima, mkibakiza akiba ya wateja wanaoingia dukani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mizigo ya kwenda Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko, kwa hiyo pitieni upya muda mliozoea kuahidi.

Ahadi yenyewe hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka saa ya basi. Ofisi ya vifurushi ikifunga mapokezi saa 11 jioni, na gari likitumia saa moja na nusu kwenye foleni, mzigo utoke ghalani saa 9 na nusu. Kundi la mwisho likihitaji saa moja na nusu kukusanywa na kufungashwa, oda ya mwisho ya siku ni ya saa 8 mchana. Inayoingia saa 8 na dakika tano ni ya kesho, na mteja aambiwe hivyo papo hapo.

Mali iliyorudishwa na mteja irudi rafuni moja kwa moja? (Msomaji, Tanga)

Hapana, ikae mahali pake na isihesabiwe kuwa ya kuuzwa mpaka imekaguliwa.

Kabla ya Idd iliyopita tulielemewa na oda. Tutumie mauzo ya tarehe zile zile kupanga mali ya mwaka ujao? (Msomaji, Mombasa)

Mkifanya hivyo mtachelewa, kwa sababu Idd hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Linganisheni wiki za Ramadhani kwa wiki za Ramadhani, na mali ifike matawini kabla mfungo haujaanza. Wakati huo huo, hesabuni rafu 10 kila asubuhi kabla ya oda ya kwanza, mkianza na zenye bidhaa zinazotoka haraka. Rafu ikipingana na daftari, msisahihishe namba mpaka mmejua ni oda gani, shehena gani au marejesho gani yaliyoleta tofauti hiyo.