Muda wa fremu au wakati wa fremu?

SWALI: Ninaandika maelezo ya Kiswahili ya enkoda ya kutiririsha video, yaani programu inayoibana video ili irushwe mtandaoni. Nimeandika: "Toleo hili linasahihisha ukokotoaji wa muda wa fremu." Mwenzangu anataka niseme "mihuri ya wakati", yaani namba zinazosema kila fremu, ile picha moja moja ya video, ionyeshwe lini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Hili neno "muda" limenichosha. Siku hizi limemeza kila kitu: "muda wa kuanza ni saa tatu", "muda huo nilikuwa njiani". Hapana! Saa tatu ni wakati. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, na kila moja lilikuja na kazi yake. Wakati hufika, muda huisha. Muda huwa mrefu au mfupi; jaribu kusema "saa tatu ndefu" uone.

Sasa itazame fremu yako. Saa ya MPEG (viwango vya kubana na kusafirisha video) hupiga mara 90,000 kwa sekunde. Video ikiwa ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu hukaa kwenye skrini mapigo 3,600. Huo ndio muda wake, na fremu zote zinao sawasawa. Lakini ya kwanza ikipigwa muhuri 0, ya pili hupata 3,600, ya tatu 7,200. Huo ni wakati wa kuonyeshwa, na hakuna fremu mbili zinazoushiriki. Ukiniambia "muda wa fremu umekosewa", nikague kipi?

Na kosa la enkoda mara nyingi huzaliwa hapo hapo, muda na wakati vinapochanganywa. Kwenye video ya fremu 30 kwa sekunde, muda wa fremu ni milisekunde 33 na theluthi. Mtu anaitupa theluthi, kisha anatafuta wakati wa kila fremu kwa kujumlisha 33 juu ya 33. Dakika moja ikipita, fremu 1,800, theluthi zilizotupwa zimefika milisekunde 600: midomo imeitangulia sauti kwa zaidi ya nusu sekunde! Alipaswa kuchukua namba ya fremu, aizidishe kwa 1,000, aigawe kwa 30, ndipo aondoe desimali. Wakati haujengwi kwa vipande vya muda vilivyokatwa.

"Muhuri" lenyewe silipendi sana, linanukia wino wa karani. Ila limeshaenea na linaeleweka, basi libaki. "Ukokotoaji" nao ni mzito bure wakati "hesabu" ipo. Andika: "Toleo hili linasahihisha hesabu ya mihuri ya wakati ya fremu." Na "muda wa fremu" uweke akiba kwa yale mapigo 3,600.