Kuhusu ile pampu ya Soho uliyoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba mama. Umesema umepita Broadwick Street, eneo la Soho huko London, ukakuta pampu imesimamishwa haina mpini, wenzio wakakwambia Dk. John Snow ndo aliyekomesha kipindupindu pale, na ukaniuliza kama kweli alifanya peke yake. Nimefurahi umemuuliza bwana afya mstaafu, maana hata sisi chuoni tulipewa nusu tu ya habari, daktari kachora ramani, mpini ukatolewa, watu wakapona, basi. Nusu iliyobaki ni ya parokia.

Snow hakuwa na mamlaka ya kugusa hata msumari pale mtaani. Mtaa wenyewe enzi hizo ukiitwa Broad Street, uko ndani ya parokia ya St James, na parokia ndo ilikuwa serikali ya mtaa. Ugonjwa ulilipuka usiku wa tarehe 31 Agosti 1854, siku tatu za mwanzo wakafa watu 127 mitaa ya jirani tu, na mpaka unaisha walikuwa 616. Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow akaenda mbele ya bodi ya parokia iliyosimamia mambo ya maskini, akawaeleza nani kafa na alikuwa anachota wapi. Wakati huo karibu wakubwa wote waliamini kipindupindu kinaletwa na hewa yenye uvundo, bakteria karibu hakuna aliyekuwa anawazungumzia, lakini bodi ilimsikiliza na kesho yake mpini ukatolewa. Mimi hapo nawaheshimu sana wale watu mwanangu, kufunga maji ya mtaa mzima kwa maneno ya daktari mmoja si uamuzi mdogo.

Kusema ukweli ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kwa sababu watu walikimbia, Snow mwenyewe aliandika hivyo. Kwa hiyo kama wangeishia pale kungebaki ubishi tu. Lakini mwezi Novemba baraza la parokia likaunda kamati yake ya uchunguzi, maana wale wa bodi ya afya ya taifa hawakuikubali hoja ya pampu. Ndani ya kamati alikuwepo Snow na alikuwepo mchungaji kijana Henry Whitehead ambaye mwanzoni alikuwa anampinga kabisa, akapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alikunywa nini na lini, na familia nyingi zilikuwa zinamfahamu kwa hiyo zikamfungulia. Yeye ndo akagundua kwamba nyumba namba 40, pembeni kabisa ya pampu, mtoto mchanga wa familia ya Lewis alianza kuharisha kabla ya mlipuko na mama yake alikuwa anamwaga maji ya nepi kwenye karo, yaani shimo la maji machafu, mbele ya nyumba. Wakamtuma fundi wa vipimo achimbe. Akakuta matofali ya karo yameoza, na kutoka hapo mpaka kisimani ni kama sentimita 80 tu, uchafu unapenya ardhini unaingia kwenye maji. Na baba wa yule mtoto aliugua siku ile ile mpini ulipotolewa, akafa naye, uchafu wake ungeenda karo lile lile, kwa hiyo pengine mpini ulizuia wimbi la pili. Hiyo ndo kazi ya bwana afya, kupima, kuchimba, kuuliza jirani, na ilifanywa na kamati ya mtaa.

Mwaka 1855 ikaja sheria ya kupanga jiji upya. Mabaraza ya parokia yakapewa barabara, taa, kufagia mitaa, mitaro ya mitaani na usimamizi wa mabomba ya majitaka ya majumbani, mabomba makuu yakaenda kwa Metropolitan Board of Works, bodi ya jiji zima, ambako injinia alikuwa Joseph Bazalgette. Kila baraza likalazimishwa kuajiri daktari wa afya na mkaguzi wa kero, yaani wa uchafu unaohatarisha afya, na ukoo wa kazi yangu umeanzia kwa huyo mkaguzi, Waingereza ndo walioileta huku. St James wakamchukua Edwin Lankester awe daktari wao wa afya, naye ndo aliyekuwemo kwenye ile kamati. 

Ugumu ulikuwa kwa madiwani wenyewe. Wengi ni wenye maduka na wenye nyumba, waliochaguliwa na walipa kodi ya majengo, sasa unapomwambia mtu wa namna hiyo apitishe amri ya kufukia makaro na kuunganisha kila nyumba na bomba, anaona gharama inarudi mfukoni kwake. Wengine walichelewesha makusudi na watu wakaendelea kufa, na hilo silisamehi. Wote wanamsifu Bazalgette, na anastahili, ila bomba lake kubwa lingefanya nini kama uani kwa maskini bado kuna karo?

Kipindupindu kilirudi 1866. Magharibi ya jiji, ambako mfumo mpya ulikuwa unafanya kazi, waliponea kwa kiasi kikubwa. Mashariki bomba kuu lilikuwa halijakamilika na maji ya kampuni yao yakachafuliwa, wakafa watu 5,596. Hao wa mashariki ndo wananiuma zaidi kuliko wa Soho, kwa sababu chanzo kilikuwa kimeshajulikana miaka zaidi ya kumi. Kwa hiyo hapana mwanangu, Snow hakufanya peke yake, alionyesha chanzo kilipo na parokia ikachimba. Mama yako anakusalimia, anauliza kama koti ulishanunua.

Baba yako